Mbung'o Huitwa kwa Harufu



Ukitoka Voi kwenda Taveta, njia nzima unaandamana na reli ambayo wengi wetu tumeizoea bila kuuliza ilifikaje pale. Ilitandazwa na Waingereza mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, ili askari wafike Maktau na kisha Taveta kumkabili Mjerumani aliyejichimbia kwenye kilima cha Salaita. Mwaka uliofuata Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza akavuka mpaka na jeshi lake, na farasi na nyumbu wa mizigo wakafa kwa maelfu. Wengi wao hawakuguswa na risasi. Waliangushwa na maradhi, na mojawapo ya maradhi hayo ni nagana, ile inayoletwa na mbung'o, au ndorobo kama wengine wetu tunavyomwita.

Mjerumani aliondoka, Mwingereza naye akaondoka. Mbung'o yupo. Yupo katika hifadhi ya Tsavo, na upande wa ranchi zetu mnyama huvuka atakavyo. Nyati anapovuka usiku kwenda kunywa maji, mbung'o humfuata, na asubuhi ng'ombe wa mtu akipita kichaka kilekile, anakuwa chakula kilichojileta chenyewe.

Basi leo nataka tuzungumze juu ya jambo dogo ambalo naona tunalidharau, nalo ni kumhesabu. Ukimuua mbung'o tunakusifu, na viongozi wakifika na dawa za kuogeshea mifugo, kamera zinakuwepo. Ukimhesabu hakuna anayekupigia makofi. Lakini mfugaji wa Kishushe au wa Maungu anajua mwenyewe: ukishamwona ng'ombe amesimamisha manyoya, macho yanatoka machozi, matezi yamevimba, anakonda na majani yapo, ujue mbung'o alishapita wiki kadhaa nyuma. Unachotibu pale ni habari ya zamani. Swali la maana ni hili: utajuaje kwamba mdudu yupo, na ni wangapi, kabla ng'ombe hajakuambia kwa mwili wake?

Jibu limepatikana kwenye pua. Mbung'o anaona, tena anaona vizuri akishakaribia, lakini kinachomtoa mbali ni harufu. Anaisikia kwa vipapasio vilivyo mbele ya kichwa chake, kisha anaruka akiupinga upepo mpaka amfikie mnyama. Jambo hili lilithibitishwa kwa namna ya kuchekesha kidogo kule Zimbabwe, enzi hizo bado ikiitwa Rhodesia, katika miaka ya 1970. Mtafiti Glyn Vale na wenzake waliwaweka ng'ombe ndani ya shimo lililoezekwa juu, wasionekane kabisa, kisha wakaitoa hewa yao nje kwa feni kupitia bomba. Mbung'o wakamiminika kwenye mdomo wa bomba. Hapakuwa na ng'ombe wa kuonekana, hapakuwa na kivuli wala mwendo, ilikuwa ni pumzi tu.

Baada ya hapo kazi ikawa kuichambua ile pumzi, kitu kimoja kimoja. Ndani yake mlikuwa na hewa ya kaboni dioksidi, mlikuwa na asetoni, ile ile ambayo dada zetu wanafutia rangi ya kucha, na mwaka 1984 ikatajwa oktenoli. Hapa Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kile ambacho Profesa Thomas Odhiambo alikianzisha mwaka 1970 na leo makao yake yako Duduville, Kasarani, kiligeukia upande mwingine wa mnyama. Kilichukua mkojo wa nyati. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986: ndani ya mkojo ule mna kemikali za jamii ya fenoli ambazo mbung'o hawezi kuzipita. Mkojo wa ng'ombe nao unazo. Na la kufurahisha ni kwamba mkojo mbichi hauna nguvu hiyo. Lazima ulale siku kadhaa, bakteria waufanyie kazi, ndipo zile fenoli zifunguke na kuanza kupaa. Kwa hiyo mojawapo ya chambo bora za kumvuta mbung'o ni kitu ambacho kila boma linacho na hakuna anayekitaka.

Acha nikueleze mtego wenyewe, maana watu huuona porini wakadhani ni hema la mtoto. Ni kitambaa cha buluu na cheusi kilichoshonwa kwa pembetatu, na juu yake kimewekwa chandarua cheupe chenye umbo la pia iliyopinduliwa, ncha ikitazama mbinguni. Buluu inamwita mbung'o kutoka mbali. Cheusi kinamfanya atake kutua. Akishaingia chini ya kitambaa anautafuta mwanga, na mwanga uko juu, basi anapanda ndani ya chandarua mpaka kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa kileleni, na humo hatoki. Chini, nyuma ya mtego, unaweka chupa mbili. Moja ina asetoni na tundu dogo kwenye kifuniko ili itoke polepole, nyingine ina mkojo wa ng'ombe uliolala, mdomo wazi. Mguu wa mtego unapakwa grisi. Usipopaka, sisimizi watapanda usiku na kula mbung'o wote, na asubuhi utaandika kwenye daftari kwamba eneo lako ni safi.

Mtego wa aina hii ulitengenezwa Nguruman, kule Kajiado karibu na Magadi, na ndiyo maana kifupi chake ni NGU. Kuanzia mwaka 1987 watafiti wakishirikiana na Wamaasai wa pale waliitundika mitego hiyo, na mbung'o wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Halafu wakarudi, kwa sababu mbung'o wa jirani hawajui mpaka wa mradi. Hapo ndipo mimi natofautiana na wanaousifu mtego kama silaha. Ni silaha, lakini inachoka haraka, na watu huchoka haraka zaidi. Ila kama jicho la kutazama, mtego wenye harufu hauna mpinzani. Mitego michache, mahali palepale, mwezi kwa mwezi, unahesabu mbung'o kwa kila mtego kwa kila siku. Namba ikipanda, unajua. Wengine unawapasua chini ya hadubini, ukatazama mdomo, utumbo na tezi za mate, ukajua wangapi wamebeba vimelea.

Na katika kazi hiyo ya kumwona mdudu hata anapokuwa amebaki haba, watafiti wameanza kuacha harufu ya ng'ombe na kutafuta harufu ya mbung'o mwenyewe. Hapa pana utamu.

Mbung'o jike hatagi mayai. Anazaa buu mmoja tu kwa wakati, kila baada ya siku tisa au kumi hivi, buu mkubwa karibu sawa na mama yake. Buu huyo anajichimbia udongoni papo hapo, anakuwa pupa, na baada ya mwezi mmoja hivi anatoka mbung'o kamili. Uzazi wa namna hii ni wa polepole mno kwa mdudu, na ndiyo sababu wataalamu wa hesabu wanasema ukiweza kuwaondoa majike asilimia tatu au nne tu kila siku, bila kukosa, jamii yote inaporomoka. Sasa buu yule anapojichimbia huacha harufu, na mama wengine wenye mimba huifuata na kuja kuzalia hapohapo. Watafiti wa icipe, Rajinder Saini na wenzake, waliichunguza harufu hiyo na kuitaja kemikali yake mwaka 1996. Fikiria maana yake. Pori lote la Tsavo ni kubwa, lakini mahali mama wanapokubaliana kuzalia ni padogo: chini ya gogo, kwenye kivuli cha mto wa mchanga. Mwenye kuijua harufu hiyo anaweza kuwaita wazazi mahali anapotaka yeye.

Kisha mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kikachapisha katika jarida la Science habari ya harufu ya mapenzi. Jike la mbung'o lina kemikali juu ya ngozi yake, methili palmitoleati ni mojawapo, ambayo dume akiisikia hujileta, hutulia, na hutaka kupanda. Walimpaka jike wa aina nyingine kabisa kemikali hiyo, na dume akamtaka. Lakini jambo lililonishika mimi ni lile lililosemwa pembeni: kwamba mbung'o aliyeambukizwa vimelea vya nagana harufu yake hubadilika. Mgonjwa ananuka tofauti na mzima. Ikiwa maabara inaweza kuzitofautisha hizo harufu mbili, basi iko siku huenda tusihitaji kumpasua kila mmoja chini ya hadubini. Natia maji kidogo kwenye maziwa haya: waliofanyiwa utafiti ni mbung'o wa aina ya Glossina morsitans waliofugwa, na hapa Tsavo wenye eneo ni akina Glossina pallidipes na Glossina longipennis, huyu wa pili akipenda kutoka jua likizama. Ndugu wa ukoo mmoja si lazima wapende manukato ya aina moja.

Kuna harufu nyingine ambayo kazi yake ni kufukuza, nayo tumeipata kwa mnyama tunayemwona kila siku kando ya mto Voi bila kumtilia maanani. Ni kuro. Kuro anaishi katikati ya mbung'o na ni nadra mbung'o kumgusa. Watafiti wakauliza kwa nini, wakaichambua harufu ya mwili wake, wakatengeneza mchanganyiko wa kemikali chache wakautia kwenye kikopo kinachovishwa ng'ombe shingoni. Walikwenda kuujaribu kwa jirani zetu wa Kwale, kwenye vijiji vinavyozunguka Shimba Hills, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba nagana ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa ng'ombe waliovaa. Ng'ombe aliyenukia kuro, kwa maneno mafupi, aliachwa kama kuro. Na punda milia naye ana dawa yake kwenye ngozi, iliyoandikwa mwaka 2019.

Sasa tushuke Taveta, maana huko mdudu ni mwingine.

Taveta ina maji ya chemchemi na mto Lumi, ina mifereji na migomba, na penye migomba na mifereji mbu hana njaa. Kati ya mwaka 1955 na 1959 eneo hilo pamoja na Pare ya Tanganyika liliingizwa kwenye mpango mkubwa wa kupulizia nyumba dawa ya dieldrin, ukiongozwa na taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, kule Usambara. Malaria ilishuka sana. Mbu Anopheles funestus, mpenda nyumba na mpenda binadamu, akatoweka kabisa kwenye nyumba zilizopuliziwa. Wazee waliokuwa watoto wakati huo wanaikumbuka ile pampu ya mgongoni. Lakini malaria haikwisha, na ulipokoma upuliziaji, polepole mambo yakaanza kurudi.

Namna ya kawaida ya kuhesabu mbu miaka ile ilikuwa kutandika shuka jeupe sakafuni alfajiri, kupuliza pareto ndani ya nyumba, na kuokota waliodondoka. Njia nzuri, ila inamwona mbu aliyelala ndani tu. Njia ya pili ni ya kukaa nje usiku na suruali imekunjwa mpaka magotini, tochi mkononi, na kimrija mdomoni. Mbu akitua kwenye mguu unamvuta kwa pumzi kabla hajakuuma. Kila nikifikiria mtu anayeajiriwa kuwa chambo cha malaria usiku kucha, hata akipewa dawa ya kinga, moyo wangu unakataa.

Na kumbe wa nje ndiye wa kutazamwa. Mwaka 2013 watafiti wa Kenya walioongozwa na Joseph Mwangangi wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, walichapisha utafiti walioufanya Taveta penyewe. Walimkuta Anopheles arabiensis, huyo tulimtarajia. Lakini walimkuta pia Anopheles coustani, mbu ambaye kwa miaka mingi vitabu vilimpuuza vikisema huyo ni wa ng'ombe, na walimkuta amebeba vimelea vya malaria, ndani na nje ya nyumba. Yaani unalala ndani ya neti yako nzuri, na mdudu aliyekupa homa alikuuma saa mbili usiku ukiwa bado barazani unasikiliza redio. Labda kipindi hiki hiki.

Mbu wa namna hiyo si rahisi kumhesabu vizuri kwa taa peke yake, wala kwa shuka jeupe. Afadhali umwite kwa harufu. Na mfano mzuri tunao nchini, kisiwani Rusinga, Ziwa Viktoria. Kati ya mwaka 2012 na 2015 mitego yenye harufu ya bandia ya mwili wa binadamu iliwekwa kwenye nyumba za kisiwa hicho, ikiendeshwa na umeme wa jua, umeme uleule uliowapa wenye nyumba taa na pa kuchajia simu. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2016: malaria ilipungua kwa karibu asilimia 30, na aliyepungua zaidi ni funestus. Mimi naupenda mradi ule kwa sababu ya ile taa. Mtego unaompa mama mwanga wa kupikia hauibwi, na akiona haufanyi kazi atapiga simu siku hiyohiyo.

Ila tusinakili Rusinga neno kwa neno tukaileta Taveta. Harufu ya binadamu inamvuta mbu anayependa binadamu. Arabiensis anajigawa kati ya binadamu na ng'ombe bila aibu, na coustani ndiyo zaidi. Ukitundika mtego unaonuka jasho la mtu tu, utapata hesabu ndogo na utafurahi bure. Huyu anataka mchanganyiko wake, na huo mchanganyiko hauwezi kuandikwa Nairobi bila mtu kukaa usiku kadhaa kwenye migomba ya Taveta.

Mbu Culex, yule wa maji machafu anayebeba minyoo ya matende na mabusha hapa Pwani, naye ana harufu yake mwenyewe. Anapotaga, mayai yake hushikana yakaelea kama chelezo kidogo, na juu ya kila yai kuna tone dogo kabisa lenye harufu inayowaambia majike wengine kwamba hapa ni mahali pema. Kemikali hiyo ilitambuliwa mwaka 1982, na miaka ya 1990 Leonard Mboera na wenzake wakaijaribu Muheza, Tanga, pamoja na maji ya mashimo ya vyoo. Uzuri wake ni kwamba anayekuja kutaga ni jike aliyekwisha kunywa damu. Ukitaka kujua kama kuna ugonjwa mtaani, huyo ndiye wa kumkamata, kwa sababu tumboni mwake ana ushahidi.

Msikilizaji anaweza kuniuliza: haya yote ya nini sasa? Mwezi Agosti mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imetokomeza malale, maradhi ambayo mbung'o humletea binadamu, kama tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa nchini kama mwenyeji alionekana mwaka 2009, na wageni wawili walioambukizwa Maasai Mara walionekana mwaka 2012. Ni jambo la kujivunia. Lakini cheti hicho ni cha binadamu. Nagana ya ng'ombe, mbuzi na ngamia haimo ndani yake, na mbung'o anayeileta hakusomewa tangazo hilo. Hofu yangu ni kwamba mtu mwenye kalamu ya bajeti atakiona cheti na kusema mitego ikunjwe. Baraza la kitaifa la kutokomeza mbung'o, KENTTEC, liliundwa na kazi yake ikaandikwa kisheria, lakini mtego wa Tsavo haujikagui wenyewe kila asubuhi. Ndovu huukanyaga. Upepo huulaza. Na kitambaa kile cha buluu, tuseme ukweli, ni kizuri, na pameshatokea miradi ambapo kiligeuka kaptura ya mtoto.

Anayetakiwa ni kijana wa ranchi mwenye pikipiki, daftari na posho ya mwezi, wa kumwaga chupa, kuhesabu, kuongeza mkojo, kupaka grisi, na kutuma namba kwa bwana mifugo. Kazi hiyo ni ya mwaka mzima, mvua na kiangazi, na haina siku ya uzinduzi. Kwenye vikao vya bajeti vya kaunti, mwananchi akipewa nafasi ya kusema, anaweza kuuliza posho hiyo iko kwenye ukurasa gani.

Na la mwisho, kwa sababu najua kuna wafugaji watakaomaliza kunisikiliza wakaenda moja kwa moja zizini na ndoo. Mkojo uliolala unaita mbung'o kutoka mbali, lakini mtego haumkamati kila aliyeitika. Wengine hufika, wakazunguka, wakakosa mlango, na wakabaki hapo na njaa. Kwa hiyo usiutundike kando ya boma, wala karibu na njia ya ng'ombe ya kwendea maji. Upeleke mbali, upande wa kichaka ambako mbung'o wanatokea, pawe wazi kiasi cha kuonekana, majani yamefyekwa chini yake. Na kabla hujashona wa kwako, mwone bwana mifugo wa wadi, kwa sababu mtego mmoja usioandikwa popote utakupa chupa iliyojaa mbung'o na hutajua cha kufanya nao.